Faiba ya zamani ukutani msiiamini tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi watu wanaunganisha storeji za mtandao (diski za kuhifadhi data zinazofikiwa kupitia mtandao) kwa faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, iliyolazwa ukutani tangu jengo linajengwa, wakiona taa ya linki imewaka basi kazi imeisha. Jamani, someni kwanza maandishi kwenye ganda la kebo! OM1 na OM3 ni madaraja ya faiba: ile OM1 ya zamani yenye kiini (njia ya mwanga ya katikati) cha maikroni 62.5, kwa spidi ya gigabiti 10 inaishia kama mita 33 tu, wakati OM3 ya maikroni 50 inafika 300, sasa mtu anazichanganya, mwanga unapotelea pale kwenye kiungo, diski zinakatikakatika na lawama zote anabebeshwa aliyeuza storeji (maskini). Na hivyo vichwa vya konekta visafisheni kabla ya kuchomeka, vumbi hata usiloliona linaharibu.