Nyama imekauka nje, mbona inaota ukungu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi na wateja wanaokausha nyama nyumbani. Mara nyingi chanzo ni haraka: ukiikausha kwa moto mkali, uso hukakamaa na maji hubaki yamefungiwa ndani.

Chagua mnofu, wa paja kwa mfano. Ondoa mafuta yote unayoyaona, maana hayakauki na ndiyo huanza kunuka. Igandishe nyama kidogo, saa moja au mbili, ipate kukatika vizuri, kisha kata vipande vya milimita 5. Tukikukatia sisi, tutajie unene huo. Ukifuata nyuzi utapata nyama ya kutafuna haswa. Ukizikata kwa kukingama, laini. Vipande vikipishana unene, vyembamba vitavunjika kabla vinene havijakauka.

Kwa kilo 1 tia chumvi gramu 20, pilipili manga, kitunguu saumu na siki kiasi. Loweka usiku kucha ndani ya friji, si mezani. Asali usizidishe, nyama itanata.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Kikaushio cha nyuzi 60 hakiaminiki kuua bakteria: maji yanapotoka huipoza nyama, na bakteria waliokwisha kukauka huvumilia joto kuliko walio kwenye nyama yenye majimaji. Kwa hiyo chemsha kwanza vipande katika yale maji ya viungo mpaka ndani vifike nyuzi 71 za Selsiasi, au 74 kwa kuku. Tumia kipimajoto; rangi hudanganya. Vichuje, vipange visigusane, ukaushe kwa nyuzi 55 hadi 60. Oveni inafaa, mlango ukiachwa wazi kidogo mvuke utoke. Jua peke yake hatulishauri.

Anza kukagua baada ya saa 4. Vingine hufika 8. Acha kipande kipoe kabla ya kukikunja, kwa sababu cha moto huonekana laini kuliko kilivyo. Kiwe kinapasuka nyuzi bila kukatika. Kikikatika, umepitiliza: kinalika, ila ni kigumu.

Funga kwenye chupa ya kioo nyama ikiwa imepoa kabisa. Kesho yake tazama kifuniko: ukiona matone, irudishe ikauke tena. Nje ya friji usiipitishe wiki 2. Ya kukaa zaidi igandishe. Yenye ukungu usiipanguse, tupa chupa nzima ya nyama.