Kanisa la Mreno halikufungia masista

Bwana Mhariri,

Juzi napita pale kanisa dogo la Mreno hapa Malindi nikamsikia kijana mmoja anatembeza wageni, anawaambia eti humo ndani zamani walifungiwa masista, hawatoki mpaka kufa. Nikasimama. Yaani kale kachumba? Ukiingia hatua chache ushafika altareni, paa lenyewe la makuti, pembeni makaburi, sasa hao masista walikuwa wakilala wapi jamani?

Kama anataka watawa wa kufungiwa aseme Goa, kule India. Kule kuna Santa Monica, nyumba ya watawa, ilianza kujengwa 1606 ikaisha 1627, ikaungua 1636 wakaijenga tena, mawe mekundu, ghorofa tatu, vyumba vimezunguka uwanja wa katikati na kanisa limeshikana na nyumba ili sista asikanyage njia. Makanisa ya aina hiyo watu wa mji wanakaa upande wao, watawa wako nyuma ya kimia cha chuma, misa wanaisikia ila hawaonekani, na hata ukiwapelekea kitu unakitia kwenye kabati la duara ukutani linazungushwa, hamuonani hata vidole. Sheria ya kuwafungia hivyo ilikazwa na Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1563.

Sisi wa pwani mambo ya sitara si mageni. Nyanya yangu Lamu alikuwa akipita kwenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya mtaa, kwenda kwa dadake nyumba ya pili bila kushuka mtaani, na zile nyumba za mawe kwa nje huoni dirisha la maana, mwanga wote unaingilia kiwandani, yaani ua wa ndani. Ila nyanya akitaka kwenda sokoni alijitanda buibui lake akaenda, nani wa kumzuia!

Kakanisa ka Malindi kana habari zake. Mwaka 1542 mmisionari Mtakatifu Francis Xavier alipita hapa akielekea Goa, akamzika mtu aliyefia chomboni, na mwili wake yeye mwenyewe uko huko huko Goa hadi leo, kanisa la Bom Jesus. Mi naona hiyo inatosha kumsimamisha mgeni juani nusu saa, chumvi ya nini tena.

Nikamwambia yule kijana. Akacheka, akasema mzee, ya masista ndo inaleta tipu.

Msomaji wenu,
Malindi