Risala ya klabu ya maji kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wenzetu wote, shikamooni.

Tumefurahi sana kukupata, maana wageni rasmi tumezoea wanakuja na suti ila wewe mara ya kwanza ulikuja na gambuti zimejaa tope, tukajua huyu ni wetu.

Mheshimiwa, kabla hatujasikia habari za haidrolojia, yaani elimu ya maji, tuliamini kijito kikitiririka kiangazi basi mvua imenyesha huko juu, kumbe maji mengi ya wakati ule yanatoka chini ya ardhi, yanachuruzika taratibu mpaka yanaingia kijitoni, na mengine mvua yake ilinyesha hata sisi hatujazaliwa.

Ukatufundisha kupima mtiririko kwa chungwa. Tukapima mita 10 kando ya kijito, chungwa likaachiwa, stopwochi ikabonyezwa, sekunde 25, tukashangilia mita 0.4 kwa sekunde, ukasema bado, maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini kwahiyo zidisha kwa 0.85 kwanza, ndo uzidishe na upana na kina. Chungwa la pili lilinasa kwenye majani. La tatu lililiwa, mhusika hatumtaji.

Kwenye ardhioevu sisi tulitaka tuzibe ile mifereji ya kukaushia siku hiyo hiyo, maana uliposema ule udongo mweusi ukikauka hewa inaingia, unaoza, ardhi inashuka na kaboni yake inapaa, wengine walishashika majembe. Ukatukatalia! Kwanza tuzamishe ardhini mabomba yenye matundu, tupime humo maji ya chini ya ardhi yako kina gani kila wiki mwaka mzima, maana usipojua maji yalikuwa wapi kabla ya kuziba utajuaje kama yamepanda?

Tunapima kwa futi kamba tuliyofunga nati mwishoni, unaishusha bombani unasikiliza "chubwi", upepo ukivuma husikii kitu. Bomba moja kuna mtu kalijaza mawe, tumeweka jipya. Ila kinachotuuma zaidi ni grafu yetu, ina pengo la wiki saba, likizo yote hakuna aliyepima, na tuliporudi maji yalikuwa yameshuka kuliko wakati wowote, sasa yalifika chini lini hatujui na hatutajua.

Kwahiyo tunaomba kamba ile inayolia ikigusa maji, na ruhusa ya wawili kati yetu kuja kupima likizo ijayo, geti likiwa limefungwa au halijafungwa.

Naomba kuwasilisha.