Barua ya Wazi kwa Wanaosubiri Kuapishwa Kuwa Mawakili

Wanangu,

Nawasalimu nyote mliomaliza mafunzo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, pamoja na mliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani. Mmepita mlango mwembamba kuliko tuliopita sisi tulioingia kabla ya taasisi hiyo kuanza mwaka 2008. Bado nakumbuka mjadala wa mwaka 2022, matokeo ya kundi moja yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu masomo yote bila kurudia. Wapo waliolaumu vyuo vikuu, wapo waliolaumu taasisi yenyewe, nami sina haja ya kuufufua ugomvi huo. Ninalotaka kuwaambia linahusu siku zitakazofuata baada ya Jaji Mkuu kuwapokea na majina yenu kuingizwa katika Daftari la Mawakili, kwa kuwa nimeona vijana wengi wakiingia mahakamani wakidhani kwamba wakili ni mtu wa kusema, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii ni kusoma jalada, kusikiliza, na kujua wakati wa kukaa chini.

Msizikimbie kesi za mauaji mtakazopangiwa na Mahakama Kuu kwa ajili ya washtakiwa wasio na uwezo wa kuweka wakili. Najua malipo yake ni madogo na mara nyingine kikao hufanyika mbali na ofisi zenu. Hata hivyo, hakuna shule inayozishinda kesi hizo. Kinachonikera ni wakili anayeonana na mshtakiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya kusikilizwa, wakinong'ona kwa dakika chache huku askari magereza amesimama kando. Kosa la mauaji halimwachii jaji nafasi ya kupima adhabu: sheria inataja kunyongwa, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito na kwa aliyetenda kosa akiwa chini ya umri wa miaka 18. Mtu anayekabiliwa na hukumu ya namna hiyo anastahili wakili aliyemtembelea gerezani kabla ya siku hiyo, akamsikiliza mpaka mwisho, hata pale maelezo yake yanapozunguka.

Chukueni suala la utambuzi wa usiku. Tangu mwaka 1980, katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kila mmoja wenu ameisoma kesi hiyo na anaweza kuitaja usingizini. Kuitaja hakutoshi. Kazi iko ndani ya nyumba ya shahidi: kibatari kiliwekwa wapi, mwanga wake ulikuwa na nguvu gani, mvamizi alisimama umbali gani na kwa muda gani, shahidi alikuwa akimfahamu kabla, na jina lake alilitaja lini na kwa nani kwanza. Majibu ya maswali hayo hutafutwa mapema, katika maelezo aliyoyaandikisha polisi na katika ramani ya eneo la tukio, ndipo maswali ya dodoso, yaani yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, yanapopata makali. Shahidi akishakubali kwamba kibatari kilikuwa chumba cha pili, kaa chini. Kuna wakili ambaye hawezi kujizuia, akauliza tena, "Sasa ulimwonaje?" Shahidi humjibu kwa utulivu kabisa kwamba mlango ulikuwa wazi na mbalamwezi ilikuwa ikiangaza mpaka ndani.

Tazameni pia mkono wa jaji au hakimu anayeandika mwenendo. Jibu ambalo halikuandikwa kwa sababu mlikimbilia swali linalofuata halitafika kwenye rufaa, kwani majaji wa rufani watasoma kumbukumbu, hawatasikia sauti zenu. Miaka yetu shahidi alisema kwa Kiswahili na jaji akaandika kwa Kiingereza, na mengi yalipotea katikati. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo jifunzeni kuandika hoja ambazo mteja wenu mwenyewe anaweza kuzisoma na kuzielewa.

Fedha za mteja zikae katika akaunti ya wateja, zisiguswe hata kwa usiku mmoja. Juu ya hilo sina la kuongeza, ila kwamba Kamati ya Maadili ya Mawakili ipo.

Kuhusu maisha nje ya mahakama, wengi huwashauri vijana kujituma bila kupumzika, nami sikubaliani nao. Kazi hii itawafuata hata mkiikimbia: msibani mtaulizwa habari za mirathi kabla marehemu hajazikwa, na kwenye harusi shemeji atawavuta pembeni kuelezea mgogoro wake wa kiwanja. Jibuni kwa adabu kwamba aje ofisini Jumatatu. Muwe na jambo moja lisilohusiana na sheria hata kidogo, iwe kwaya, bustani au bao la jioni na majirani, na muwaeleze wateja wenu mapema saa ambayo simu huzimwa. Wenzi wenu wasijue ratiba zenu kwa kusikia mkiongea na makarani. Na likizo ya Mahakama Kuu ya mwisho wa mwaka ikifika, nendeni nyumbani kwa wazazi bila majalada kwenye begi. Hoja za Januari mziandike kabla ya kusafiri.

Ni mimi mzee wenu,
Wakili mstaafu, Morogoro