Hatari za asili nyumbani: tuanzie uani, sumu iwe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalonisikitisha kila ninaposoma habari za watu walioumwa na nyoka, walioshambuliwa na nyuki au waliougua homa zinazoenezwa na mbu wakiwa katika nyumba zao wenyewe. Karibu habari zote za namna hii huandikwa madhara yakiwa yamekwisha kutokea, na huishia kwa kueleza jinsi majirani walivyomwua mnyama aliyehusika. Ni nadra msomaji kuelezwa ni kitu gani kilichomleta mnyama huyo hadi mlangoni, ilhali hilo ndilo swali ambalo jibu lake lingemsaidia kesho. Wadudu na wanyama hawa hufuata maji, chakula na mahali pa kujificha, na mara nyingi vyote vitatu ni sisi wenyewe tuliowawekea.

Nianze na nyoka, kwa kuwa ndiye anayeogopwa kuliko wote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki, huku wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu wakiwa takriban mara tatu ya wanaofariki. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Sioni jinsi lengo hilo litakavyofikiwa kwa kazi ya hospitali peke yake, kwa sababu nyoka huingia uani akimfuata panya, na panya naye huja akifuata makombo, nafaka iliyohifadhiwa ovyo na takataka zinazolala usiku kucha bila kufunikwa.

Tazama rundo la mabaki ya ujenzi linalokaa nyuma ya nyumba nyingi: mbao zilizobaki, bati lenye kutu, matofali yaliyovunjika, vyote vimeegemezwa ukutani vikisubiri kazi isiyojulikana itaanza lini. Chini ya bati lile udongo una unyevu, joto halipungui upesi usiku, upepo haufiki, na ukilifunua utakuta vijia vya panya vilivyolainishwa kwa kupitwa mara kwa mara, tandu, na pengine ng'e aliyejibana kwenye tundu la tofali. Kwa nyoka, hapo pana chumba cha kulala na ghala la chakula kwa pamoja. Rundo hilo likisogezwa mbali na kuta, likainuliwa juu ya vigingi ili mwanga na upepo vipite chini yake, na nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba, sehemu kubwa ya kazi inakuwa imekwisha kabla mtu hajashika silaha. Anayelihamisha avae viatu vinavyofunika mguu, atumie fimbo ndefu kufunulia, wala asitie mkono mahali asipopaona.

Baada ya hapo ndipo tuzibe matundu. Panya mdogo wa nyumbani hupenya kwenye uwazi wa milimita 6 hivi, kwa hiyo nafasi iliyo chini ya mlango, ambayo mwenye nyumba huiona kuwa si kitu, kwa panya ni njia pana. Wengi wetu huruka hatua hizi zote mbili na kukimbilia sumu. Sumu nyingi za panya hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande, na panya aliyeila huchukua siku kadhaa kufa. Katika siku hizo hutembea akiwa amelegea, akaliwa na paka au bundi, nao wakadhurika. Kwa njia hiyo tunawaangamiza wasaidizi tuliokuwa nao, tunawaweka watoto wadogo katika hatari ya kuokota chambo chenye sumu, na chakula kilichowaleta panya wa kwanza kinabaki pale pale kikiwasubiri wengine. Mtego uliowekwa vizuri kandokando ya ukuta, mahali panya wanapopita, una faida kubwa zaidi. Anayefagia stoo iliyokuwa na panya aloweshe kwanza sakafu kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu na kuvaa glavu, kwani mkojo wa panya hueneza magonjwa, ikiwemo homa ya mgunda.

Endapo mtu ataumwa na nyoka pamoja na tahadhari hizo, yanayofanyika katika dakika za mwanzo huweza kumwokoa au kumwongezea madhara. Kuchanja jeraha kwa wembe, kunyonya sumu kwa mdomo na kukaza kamba juu ya jeraha ni mambo yanayozidisha hatari. Kamba iliyokazwa inaweza kuua nyama za mguu au mkono ambao ungepona. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye gango ili kisitikisike, na apelekwe hospitali bila yeye mwenyewe kutembea kadiri inavyowezekana. Sumu ikirushwa machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi mara moja, kisha aende kwa daktari. Hakuna haja ya kumsaka nyoka ili apelekwe hospitali, kwani wapo walioumwa wakati wa msako huo, na daktari anaweza kutibu kwa kufuata dalili za mgonjwa.

Kuhusu mbu, najua wasomaji wamekwisha kuambiwa mara nyingi wamwage maji yaliyotuama, na agizo hilo ni sahihi, ila limekatwa nusu. Mbu wa jamii ya Aedes, waenezao homa ya dengi, hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Inamisha ndoo iliyokaa nje kwa muda na uitazame kwa karibu kwenye mwanga: vidoa vidogo vyeusi vilivyogandamana kwenye ukingo vyaweza kuwa mayai hayo. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, na maji yakirudi yanaanguliwa. Kwa sababu hiyo chombo kinapaswa kusuguliwa kwa brashi, na kifanyiwe hivyo kila wiki, kwa kuwa wakati wa joto safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban wiki moja hadi mbili. Mapipa ya maji ya matumizi yafunikwe kwa mfuniko usioacha mwanya au kwa wavu mwembamba, matairi chakavu yaondolewe au yatobolewe, na mifereji ya paa isafishwe majani, maana huko juu maji hutuama na hakuna anayeyaona. Ikumbukwe pia kwamba mbu hao wa Aedes huuma mchana, tofauti na Anopheles waenezao malaria ambao huuma usiku. Chandarua kinabaki kuwa kinga kubwa, lakini hakimsaidii mtu aliyeketi kivulini saa nne asubuhi.

Nyuki nao wanaonewa. Kundi lililotua ghafla kwenye tawi, limejikusanya na kuning'inia, mara nyingi liko safarini kutafuta makazi. Halina masega wala watoto wa kulinda, na kwa kawaida huondoka lenyewe baada ya saa chache au siku chache likiachwa kwa amani. Watoto na mifugo wawekwe mbali, basi. Kundi lililokwisha kujenga ndani ya ukuta au kwenye dari ni jambo jingine, na hilo aitwe mfugaji wa nyuki mwenye vifaa vyake, kwa sababu moto na mawe vimewageuza nyuki watulivu kuwa maafa. Nyuki mmoja anapodunga hutoa harufu inayowaita wenzake wadunge hapo hapo, kwa hiyo anayeshambuliwa asisimame kupambana: afunike uso, akimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango, kisha aondoe miiba upesi kwa kucha au kwa namna yoyote, kwani mwiba huendelea kusukuma sumu mwilini. Akianza kuvimba uso au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali wakati huo huo.

Mchwa hawaumizi mwili, lakini huila nyumba kimya kimya. Dalili yao ni vijia vya udongo vinavyopanda msingi na kuta. Kibomoe kipande kimoja, na ukikuta wadudu weupe wakihangaika ndani, ujue njia hiyo inatumika. Dawa ina nafasi yake hapa, ila haitadumu ikiwa bomba linavuja chini ya sakafu au miimo ya milango imegusa udongo.

Ipo hatari ambayo usafi wa uwanja hauizuii, nayo ni radi. Hapo nyumba yenyewe ndiyo kimbilio: ngurumo ya kwanza ikisikika watu waingie ndani, waache kuoga na kuosha vyombo kwenye mabomba, wakae mbali na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme, na wasitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti mrefu ulio karibu na nyumba nao ukaguliwe mapema, hasa ukiota uyoga shinani au ukianza kuinama upande ambao haukuinamia, kwa maana hizo ni dalili za kuoza ambazo mtaalamu wa miti anapaswa kuzitazama kabla ya upepo mkali.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti litenge nafasi ya kudumu kwa maelezo ya aina hii, na yachapishwe wiki chache kabla ya mvua kuanza, wakati ambapo mwenye nyumba bado ana muda wa kuhamisha rundo lake na kuzibua mfereji wa paa. Na pale inapobidi kuandika habari ya mtu aliyedhurika, mwandishi aulize pia palikuwa na nini kuzunguka nyumba ile, kisha aeleze kwa aya moja huduma ya kwanza iliyo sahihi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi