YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTAMBUZI WA MAGURUDUMU YA GARI LA KALE, NA KUDHALILISHWA KAUNTANI

Bwana Meneja,

Assalaam alaykum.

Masharti ya huduma yenu ya kutambua magurudumu ya kale unayajua, na risiti nimeambatanisha, kwa hiyo sitakuchosha. Nakuja kwenye yaliyonikuta nilipoleta gurudumu langu dukani kwenu mlitambue.

Kijana wenu alilikanyaga gurudumu langu mbele ya watu, akalisukuma kwa kiatu mpaka likagonga ukuta, akasema: "Mzee, hili la gari ya ng'ombe, wapelekee wa chuma chakavu." Wateja wakacheka. Mimi mtu mzima mwenye wajukuu, na kanzu yangu, nainama kuokota gurudumu la marehemu baba.

Gurudumu hilo ni la Ford Model A: spoki za chuma zilizochomewa, matundu matano ya nati. Fundi wangu wa Mwembeladu alilijua kabla hajaweka chini glasi ya chai. Kijana wenu hakushika hata futi. Aliandika "inchi 19", nikalipa mipira minne. Inchi 19 ni za Model A za 1930 na 1931. Za 1928 na 1929 ni inchi 21, na nati ni zile zile tano, ndiyo maana hupimwa, tena pale mpira unapokaa, si ukingoni mwa ringi. Yangu ni 21. Huo mpira wa 19 niuvishe kwa dua?

Na kwenye simu, kabla hata sijalipa, aliwahi kuniambia Ford zote za zamani zina spoki za mbao. Za mbao ni Model T, ile iliyotangulia Model A, bwana! Huyo ndiye mtambuzi mliyemweka.

Narudia, usije ukaambiwa ulikuwa mzaha: alilikanyaga. Kiatu juu ya spoki, nikasikia chuma kinalia, na spoki moja sasa imepinda. Akamgeukia mwenzake, "gari ya ng'ombe", kwa sauti. Mwenzake, badala ya kumkanya, akatoa simu kunipiga picha.

Naomba nirudishiwe fedha za mipira. Na ada ya utambuzi. Spoki itengenezwe na fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu. Picha ifutwe. Kijana aje nyumbani kuniomba radhi. La, sitaki nyumbani, aniombe radhi hapo hapo kauntani, duka likiwa limejaa.

Nawapa mpaka Ijumaa, kabla ya sala. Ikipita, naanza kwa sheha, kisha wanaolinda haki za mlaji, kisha mahakamani, na huko nitadai na fedha ya wakili.

Wasalaam,
Aliyekuwa mteja wenu