Walinzi wa usiku tunalala saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kila yanapozungumzwa masuala ya afya ya akili kazini, picha inayowekwa ni ya mtu wa ofisini kashika kichwa mbele ya kompyuta. Sina ugomvi naye. Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, lindo langu liko Masaki, chumba changu kiko Mbagala, na huu ni mwaka wa saba naingia usiku.

Zamu yetu ni saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Wa kunipokea akichelewa namsubiri, kwa kuwa lindo haliachwi. Nikifika nyumbani jua limeshachoma bati, jirani kafungulia redio, watoto wa mwenye nyumba wanapiga mpira ukutani. Nikibahatika napata usingizi wa saa nne tu. Alasiri niko tena kituoni nagombania daladala.

Mwili umezoea, kichwa kimekataa. Mwaka jana nilianza kusikia geti linagongwa. Natoka, namulika tochi, hakuna mtu. Usiku mmoja nilitoka mara nne, na zote nne nikaziandika kwenye daftari la matukio maana ndivyo tulivyofundishwa. Supavaiza alipolisoma alicheka, akaniambia nipunguze bangi. Hata sigara sijawahi kuvuta. Nyumbani nako, mwanangu wa darasa la pili aliangusha kifuniko cha sufuria nikiwa nimelala. Niliporuka kitandani nilikuwa tayari nimeshika rungu. Tangu siku hiyo akipita chumbani ananyata.

Mwenzetu wa lindo la jirani alifika mahali akawa analia tu. Nduguze wakampeleka kwa mganga, wakisema katupiwa jini. Kampuni ikamwandikia barua ya utoro.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Sisi tunafanya 72. Ziada ni 27 kila wiki, yaani 108 kwa wiki nne, zaidi ya mara mbili ya kiwango. (Mapumziko ya chakula yasitajwe, tunakula hapo hapo getini.) Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa siku zisizozidi tano kwa wiki. Na kila saa ya usiku inatakiwa kuongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwenye hati yangu ya mshahara sijawahi kuiona.

Shirika la Afya Duniani linataja saa nyingi za kazi na zamu za nyakati mbaya miongoni mwa mambo yanayohatarisha afya ya akili. Mwaka 2022 lilishauri pia mameneja wafundishwe kumtambua mfanyakazi aliyeelemewa. Nilivyosoma hilo nilimkumbuka supavaiza wangu. Simlaumu sana, naye usiku kucha yuko juu ya pikipiki akisaka waliosinzia.

Wenye kampuni watasema wateja wanataka bei ya chini, na ni kweli. Mteja analipia walinzi wawili mahali panapohitaji watatu, kisha analala. Huyo wa tatu ambaye hakuajiriwa, pengo lake tunalilipa sisi kwa usingizi wetu.

Ninachoomba si semina wala fulana za maadhimisho. Wakaguzi wa kazi wakimaliza kuangalia mtungi wa kuzimia moto, waombe na ratiba ya zamu, wahesabu saa, halafu waje lindoni usiku waone kama aliyeandikwa yuko mapumziko kweli yuko mapumziko. Wakija kwangu, wagonge geti kwa nguvu na waite, nijue ni watu.

Mlinzi wa usiku,
Mbagala, Dar es Salaam